Kidole Changu Kilikuwa Kinahifadhi Kazi, Shangazi Akadhani Namtongoza

Bi Somoe,

Nakuandikia nikiwa na akili zangu zote, na ombi langu ni kwamba unisaidie kabla mkono wangu wa kulia haujanivunjia ndoa ambayo bado sijaifunga. Najua kwenye safu yako watu huleta mambo mazito, waume waliohama, wake wenza, watoto waliokataliwa, na mimi naleta kidole. Lakini kidole hiki kimenifikisha mahali ambapo nikisema kweli naonekana mwongo, na nikisema uongo nitaaminiwa mara moja, na sijui niende upande gani. Majina yote nimeyabadilisha isipokuwa ya kompyuta, maana zenyewe hazina aibu.

Mimi nimemaliza kidato cha nne, nikasomea uhazili, nikaajiriwa katika shirika moja la umma ambako nilikuwa mwanamume pekee katika chumba cha wapiga taipu, wakawa wananiita Dada Gaspar mpaka shirika lilipouzwa na sote tukapunguzwa kazi, dada wa kweli na dada wa kubandikwa, bila ubaguzi. Ninakaa Mbagala. Tangu shule nina mazoea ya kuandika shajara, tarehe na lililotokea, bila kupamba, kwa hiyo utaniona nikitaja tarehe na usidhani najidai, bila tarehe mimi siwezi kusimulia hata namna nilivyokunywa chai.

Baada ya kupunguzwa nilipata kazi mbili za nusu siku. Asubuhi niko Kinondoni, kwenye ofisi moja inayotengeneza vijitabu vya afya, na huko kompyuta zao ni Makintoshi. Mchana niko Temeke, kwenye duka la taipu na fotokopi la mama mmoja nitakayemwita Bi Rukaiya, na huko kompyuta ni ile ya kawaida, yenye Windows. Kwa mtu asiyezitumia zote mbili ni kompyuta tu, na mimi pia nilidhani hivyo, nikamwambia Bi Rukaiya siku ananiajiri kwamba kwangu mashine ni mashine. Maneno hayo nimeyaandika kwenye shajara na nikiyasoma sasa natamani kuyafuta kwa kisu.

Tofauti iliyoniangamiza ni ndogo kuliko ukucha. Kwenye Makintoshi ukitaka kuhifadhi kazi isipotee, au kusevu kama tunavyosema wenyewe, unabonyeza herufi S pamoja na kitufe chenye picha ya tofaa, nacho kimekaa jirani kabisa na kile kitufe kirefu cha kuachia nafasi, kwa hiyo anayekibonyeza ni kidole gumba, bila shida, akiwa amelala. Kwenye Windows kitufe cha kazi hiyo hiyo kinaitwa Kontroli, nacho wamekitupa kona ya chini ya kibodi, ambako gumba halifiki, anayefika ni kidole cha mwisho, tena kwa kujikunja kama mtu anayeingia kwenye banda la kuku. Na pale ambapo gumba limezoea kukuta tofaa, Windows wameweka kitufe kingine kiitwacho Alti, ambacho ukikibonyeza pamoja na S hakihifadhi chochote, mashine inalia kengele tu, ti, basi.

Sasa mimi nimelelewa na mashine ya taipu, na kwenye taipu kengele ikilia maana yake mstari unakaribia mwisho, unaenda vizuri, anza mwingine. Kwa hiyo kila nilipobonyeza kwa gumba pale Temeke na kusikia ti, nilijisikia mtu mwenye bidii. Tarehe 8 Julai nilikuwa nachapa wasifu wa marehemu mmoja, mzee mwenye maisha marefu na wake kadhaa, kurasa nyingi, na familia ilikuwa imekaa kwenye benchi inasubiri kuupeleka msibani, na kila sentensi ikiisha mimi nabonyeza gumba, ti, nabonyeza, ti, wanafamilia wakawa wanatikisa vichwa kwa kuridhika kila wanaposikia kengele, kisha umeme ukakatika. Uliporudi, marehemu hakuwepo. Hata jina. Bi Rukaiya alisimama nyuma yangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Mashine ilikuwa inakulilia, wewe unadhani inakushangilia."

Alinipa onyo, na alikuwa na haki. Mimi nikikosea sikasiriki, napanga ratiba. Kuanzia siku ya pili nikaanza mazoezi. Chuoni tulifundishwa kwamba herufi ikiwa ya mkono wa kushoto, kitufe cha kusaidia hubonyezwa na mkono wa kulia, na S ni ya kushoto, kwa hiyo nikakikabidhi kazi kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kwenye Kontroli ya kona ya kulia. Nikajiwekea kanuni: sentensi ikifika nukta, hifadhi, kwa sababu umeme siku hizi hauagi, na gumba likitangulia kwa mazoea ya Kinondoni, usilizuie, liache libonyeze, halafu hapo hapo kidole cha mwisho kijikunje ndani kulisahihisha. Gumba, kidole. Gumba, kidole. Nilifanya mazoezi hayo juu ya meza ya chakula, juu ya paja langu, juu ya kitabu cha nyimbo kanisani, nikisikiliza taarifa ya habari redioni nikawa nahifadhi kila habari ikiisha. Bernadeta, mchumba wangu, aliona mkono unacheza akaniuliza kama nina degedege, nikamwambia yeye ndiye wa kuulizwa, maana ni fundi cherehani, na padri akihubiri miguu yake hukanyaga taratibu chini ya benchi kama anayepinda suruali, nikamwambia ipo siku utaishona kanzu ya padri kwenye benchi. Tukacheka. Ndiyo ilikuwa mara yetu ya mwisho kucheka.

Bernadeta hana baba wala mama. Amelelewa na shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, watu wa Masasi waliohamia Dar zamani, na huyo shangazi nitamwita Rosalia. Ni mjane, mtu wa heshima, kiongozi wa akina mama kigangoni, na neno la posa liko kwake. Wajomba watakaa, watakohoa, watakunywa, lakini watakuwa wanamtazama yeye. Jumapili ya tarehe 17 Agosti nilikwenda Kimara mara ya kwanza kujionyesha, nikiwa na mshenga wangu Mzee Kondo, jirani yangu wa Mbagala, Mzaramo mwenye maneno machache. Nilikuwa nimepiga pasi mpaka soksi.

Shangazi Rosalia alitokea mlangoni, nikainama kidogo, nikasema shikamoo shangazi, akasema marahaba mwanangu, akanipa mkono. Nawe unajua wazee wetu wa zamani, mkono wakishaushika hawauachii mpaka salamu zote ziishe.

"Hamjambo huko Mbagala?"

"Hatujambo, shangazi."

"Wazee wako hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu sana."

"Na kazi?"

"Kazi tunamshukuru Mungu."

"Maji huko yanatoka?"

"Yanatoka kwa zamu, shangazi."

Bi Somoe, nisikilize vizuri. Kila nilipomaliza jibu, ilikuwa ni sentensi, na sentensi ilikuwa imefika nukta. Gumba langu likambonyeza mgongo wa mkono, kisha kidole cha mwisho kikajikunja ndani kulisahihisha, na ndani ya hapo palikuwa ni kiganja cha shangazi. Hatujambo, gumba, kidole. Hawajambo, gumba, kidole. Nilimkuna kiganja mama wa watu mlangoni kwake, mbele ya mshenga wangu, kwa kila salamu, na maji ya Mbagala nikayahifadhi pia. Naapa sikuhisi chochote. Mtu aliyezoea hahisi, ndiyo maana ya kuzoea. Niliona tu kwamba alitazama mkono, akanitazama mimi, akauliza inayofuata kwa sauti ndogo zaidi, nami nikaona huo ni upole. Usiku huo niliandika kwenye shajara, na nakunukulia kama ilivyo: "Shangazi amenipokea vizuri mno. Salamu ndefu."

Siku tatu hazikupita Mzee Kondo akanipitia kibarazani.

"Kijana, nyumba ile imepoa."

"Imepoaje, mzee?"

"Nimekwenda kuulizia siku ya majibu. Nimepewa chai bila kuulizwa sukari."

"Pengine walisahau."

"Watu wa posa hawasahau sukari," akasema, akaondoka zake.

Ijumaa Bernadeta mwenyewe akaja Temeke dukani, hakukaa, akasimama na pochi yake kifuani kama mtu aliyekuja kudai.

"Ulimfanya nini shangazi?"

"Nilimsalimia."

"Kusalimia gani kuna kucha?"

Sikuelewa, akanieleza. Shangazi alikuwa amemwita chumbani, amefunga mlango, akamwambia, mwanangu, huyu mwanamume anakutaka wewe au ananitaka mimi, maana alinikuna kiganja akanikuna tena, na mimi umri huu sijasahau maana yake. Hajamwambia mtu mwingine. Amesema kikao cha majibu kiko pale pale, Jumamosi tarehe 20 Septemba, ila yeye siku hiyo atasema hapana na hataeleza kwa nini, ili asinivunjie jina. Hebu ona heshima hiyo. Mtu niliyemkuna ndiye ananisitiri.

Nikamweleza Bernadeta habari ya tofaa na Kontroli. Nilipoona ananitazama tu nikamvuta mpaka kwenye kompyuta nimwonyeshe, na hapo ndipo umeme ulipokatika. Nikamwonyesha kwenye kibodi iliyokufa, hapa gumba, pale kidole, mbele ya kioo cheusi ambamo alikuwa anajiona yeye na mimi tu. Akaniacha nimalize, akasema, "Nimewahi kudanganywa. Kuna aliyenidanganya kwa zawadi, kuna aliyenidanganya kwa kiapo. Wa kunidanganya kwa vitufe ndiyo wewe wa kwanza."

"Bernadeta, ni kweli tupu."

"Haya, tuseme ni kweli. Nikamwambie nini shangazi? Kwamba ulikuwa unamsevu?"

Akaondoka.

Theonest, mwenzangu wa kwenye fotokopi, alikuwa amesikia yote, maana umeme ukikatika duka lile huwa kimya kama kaburi. Akaniambia, "Braza, ukweli wako haubebeki. Iache Kontroli, kiri tu. Nenda na wazee, piga magoti, sema shetani alinipitia. Shetani wanamjua, Kontroli hawaijui. Watakutoza mbuzi, mambo yamekwisha." Nilimcheka, lakini nilipofika nyumbani nikaona Theonest ana hoja. Kosa ambalo sikulitenda lina msamaha wake, tena wenye bei inayojulikana, na lile nililolitenda halina hata jina kwa Kiswahili.

Sasa nifanye nini? Niende nikaeleze kweli, nionekane nawadhihaki wazee kwa hadithi za mashine? Nikiri uongo, nipewe mke? Au niache kazi moja kati ya hizi mbili, ili mkono ubaki na dini moja? Nampenda Bernadeta na sitaki mwingine. Kikao kinakaribia, na hivi ninavyokuandikia barua hii kwa kalamu, kila nikiweka nukta kidole kinajikunja.

Ni mimi mwenye kidole,
Mbagala.


BI SOMOE ANAJIBU

Mwenye kidole,

Nimecheka, sikufichi. Kisha nikaacha kucheka, maana katika barua yako yupo mwanamke mmoja ambaye hacheki, na wewe umemweka katikati ya kichekesho chako kama kiti. Umejisifu kwamba umebadilisha majina yote, ukasahau mtaa. Kimara si kwake. Kimara nimepaandika mimi, na pa kweli nimepafuta. Kigango nilikifuta, nikakirudisha, kwa sababu vigango ni vingi. Ungekuwa makini na watu kama ulivyo makini na tarehe, barua hii isingeandikwa.

Tuanze na la kukuamini. Mimi kompyuta siijui, naandika kwa mkono. Lakini hapa gazetini yupo kijana anayepanga kurasa, naye anahangaika na mashine za aina zote mbili, moja hapa na moja kwa mchapaji. Sikumwambia kitu. Nilimshika mkono asubuhi, nikamwuliza habari za nyumbani, za mke, za mtoto mchanga, moja moja, bila haraka. Kwenye mtoto mchanga gumba likanibonyeza. Nikamwuliza, hilo nini? Akasema, lipi, Bi Somoe? Basi ninakuamini, na yeye nimemwambia aje asome ukurasa huu kabla hajaupanga.

La pili ni huyo Theonest wako. Mwambie arudi kwenye fotokopi yake. Ati shetani wanamjua. Wewe ukikiri kwamba ulimtaka shangazi, utatozwa mbuzi, mbuzi ataliwa siku hiyo hiyo, na wewe utabaki kwenye ukoo ule mwanamume aliyemtaka shangazi wa mkewe. Kila kipaimara, kila msiba, ukimpa mtu mkono, mwenzake atatazama. Na huyo mama, ambaye amefunga mlango na kufunga mdomo ili jina lako lisivunjike, wewe utakuwa umemtangazia mbele ya wajomba kwamba alikunwa. Yeye amekusitiri, wewe umlipe kwa kumwanika. Hapana.

Wala usiende na hadithi ya tofaa na Kontroli. Ni kweli, lakini kweli hiyo ukiipeleka barazani itamuumiza vilevile. Hebu fikiri, bwana mpangaji wa ratiba. Mama wa watu umri ule, mjane, amepitisha siku zote hizi akiamini kijana alimkosea adabu. Ukamwambie mbele ya watu kwamba la, mama, hukukosewa adabu, mimi nilikuwa naandika barua, wewe ulikuwa meza? Na nimeona jambo katika barua yako ambalo wewe umelipita. Aliusikia mkono kwenye "hatujambo", akaendelea kuuliza. Aliuliza wazee, akauliza kazi, akafika mpaka kwenye maji. Pengine alitaka kuhakikisha kabla ya kumhukumu mtoto wa mtu, na kwa alivyokutendea baadaye, mimi naamini hivyo. Kwa nini hakuutoa mkono mapema ni lake peke yake. Usiliulize, usilieleze, na kwenye hiyo shajara yako usiliandike.

Umeniambia kosa lako halina jina kwa Kiswahili. Lina jina. Hukuwepo. Mtu mzima amekushika mkono, anakuuliza hali ya wazazi wako, na wewe umeshafika Temeke unapambana na umeme. Mdomo ulikuwa mlangoni kwake na mwili mzima ulikuwa kazini. Mkono wa mtu si mahali pa kufanyia mazoezi. Hilo ndilo ulilolitenda kweli, na hilo unaweza kuliombea radhi bila kusema uongo hata neno moja, na mama yeyote aliyewahi kumsemesha mume anayesoma gazeti atalielewa.

Sasa nani atamfikishia shangazi? Si wewe. Ni Bernadeta. Na Bernadeta ataaminije? Hapo nilitaka kukurushia barua yako kichwani, maana jibu umeliandika mwenyewe ukaliacha njiani. Una mchumba fundi cherehani. Miguu yake hukanyaga chini ya benchi la kanisa wakati padri anahubiri, na wewe ukamcheka. Ulimwonyesha kibodi iliyokufa, kitu asichokijua, badala ya kumwonyesha miguu yake mwenyewe. Mwendee leo. Usitaje kompyuta. Mwambie, "Bernadeta, Jumapili padri alipokuwa anahubiri, ulikuwa unashona nini?" Halafu nyamaza. Naomba sana unyamaze, maana wewe ukieleza unaharibu. Akishaangalia miguu yake, mpe mkono wako, mwambie akuulize habari za nyumbani moja moja kama alivyofanya shangazi, na uache vidole vifanye upuuzi wao. Fundi anaujua mwili uliofundishwa kazi. Yeye ndiye atakayekwenda chumbani, afunge mlango kama ulivyofungwa mara ya kwanza, amweleze shangazi kwa namna wanawake wa nyumba moja wanavyoelezana, naye ataamua yeye kama ni la kuchekwa au la kunyamaziwa. Mzee Kondo asiambiwe. Ila nakudokeza tu kwamba na yeye umekuwa ukimpa mkono kila siku, na hajakuuliza kitu, kwa hiyo mheshimu sana mzee huyo.

Kazi usiache hata moja, siku hizi nani anaacha kazi kwa ajili ya kidole. Lakini mazoezi ya mezani, ya pajani na ya kwenye kitabu cha nyimbo yakome leo. Kijana wetu wa kurasa anasema alikipaka hicho kitufe cha Alti gundi na kukibandika kipande cha msasa, gumba likigusa tu linajua liko nchi ya watu. Fanya hivyo Temeke, Kinondoni pabaki laini. Na mpaka posa ijibiwe, kuhifadhi kote kufanye kwa ile mausi yenu, polepole, kama mtu mwenye mkono wa kuazima. Bi Rukaiya akikuuliza mbona unachelewa, mwambie unauguza.

Siku ya kikao washenga na wazee ndio watakaosema, lakini kabla ya siku hiyo, Bernadeta akikupa ishara, nenda kwa shangazi siku ya kawaida, bila soksi za pasi. Ingia umebeba kitu kwa mikono miwili, kikapu cha machungwa kinatosha, ili mikono iwe na kazi yake. Mwamkie kwa mdomo. Mwambie hivi, usizidishe: "Shangazi, siku ile uliniuliza habari za nyumbani nami sikukusikiliza. Nimekuja unisamehe, na nimekuja kukujibu vizuri." Kisha mweleze kweli wazee wako wanaendeleaje, nani anaumwa mgongo, nani amepona. Mwambie na maji ya Mbagala yanatoka siku gani. Halafu muulize na yeye habari zake, maana katika mazungumzo yote uliyonakili, mwanangu, sijaona hata pahala pamoja ulipomuuliza.

Akikupokea kikapu, kiachie. Asiponyoosha mkono, usidai. Akiunyoosha, mpe wako, na kama kidole kitacheza, usikitoe mbio wala usianze kueleza habari za mashine. Kaa nao hapo hapo, umtazame usoni, mwache yeye ndiye atangulie kucheka.

Bi Somoe